Gareth Peirce, wakili asiyevaa wigi

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wenzangu. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa vicheko na maswali ya wale waliochelewa kuingia.)

Ndugu zangu vijana, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwepo,

Wengi wenu mmeiona ile filamu ya mwaka 1993, In the Name of the Father, ya kijana wa Belfast aliyesota gerezani miaka 15 kwa bomu ambalo hakulitega. Kama hukuiona, muulize mwenye banda la video la mtaani kwenu. Karibu na mwisho anainuka mwanamke mahakamani, karatasi mkononi, macho yamemwiva kwa hasira, anataka kujua kwa nini karatasi ile ilifichwa. Hapo banda zima linalipuka kama vile Simba imefunga bao dakika ya tisini. Mwanamke huyo aliigizwa na Emma Thompson. Mwenyewe, wa kweli, anaitwa Gareth Peirce. Ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Naanza kwa kuwaharibia utamu. Tukio lile halikutokea.

Uingereza wanasheria wao wamegawanyika makundi mawili. Wako wenye wigi la nywele za farasi na joho jeusi, hao ndio husimama mbele ya jaji wakatoa hoja. Na wako masolisita. Solisita ndiye unayemkimbilia ukikamatwa saa nane za usiku. Ndiye anayekaa na wewe kwenye chumba cha polisi, anayekuandikia barua, anayetafuta mashahidi wako, anayesoma jalada ukurasa kwa ukurasa, kisha anamkabidhi mwenye wigi silaha za kupigania. Kwetu Tanzania wakili mmoja anaruhusiwa kufanya kazi zote mbili, ndiyo maana tofauti hii inatupita. Miaka ile solisita hakuwa na ruhusa ya kusimama na kutoa hoja mbele ya Mahakama ya Rufani. Siku kesi ile ilipokufa, tarehe 19 Oktoba 1989, kusema ilikuwa kazi ya watu wa wigi. Na wala hapakuwa na mabishano makubwa, maana upande wa mashtaka wenyewe ndio uliosimama ukasema hauwezi tena kuitetea hukumu ile.

Sasa jiulize, ndugu yangu. Kama hakusema neno, kwa nini watu wa sinema walimtafutia mwigizaji mkubwa namna ile?

Jibu ni kwamba kesi ile haikushindwa wala kushinda siku ile. Ilikuwa imekwisha kabla, kwenye makabati ya majalada, kwa watu waliokaa na makaratasi hadi makaratasi yakatapika ukweli. Sinema haiwezi kumwonyesha mtu anasoma kwa miezi. Banda lingebaki tupu. Kwa hiyo wakamsimamisha mahakamani akapige kelele.

Peirce alizaliwa mwaka 1940, na jina alilopewa ni Jean. Hilo la Gareth, ambalo kwa kawaida ni la kiume, alijichagulia mwenyewe. Alisoma shule ya wasichana ya watu wenye uwezo pale Cheltenham, kisha Oxford, halafu London. Kwa hesabu za kawaida mtu wa namna hiyo huishia kuolewa na bwana mkubwa na kufuga mbwa. Yeye katika miaka ya 1960 alikwenda Marekani akafanya kazi ya uandishi wa habari, akawa anafuatilia harakati za Dr. Martin Luther King na watu weusi wa kule waliokuwa wakidai haki zao. Naam, alianza kama sisi, na kalamu na daftari. Aliporudi kwao alikuwa ameolewa na Mmarekani, Bill Peirce, na mwaka 1974 akaingia kama mwanafunzi wa kazi katika ofisi ya solisita mmoja wa London aitwaye Benedict Birnberg, mtu aliyekuwa na sifa ya kupokea kesi ambazo wenzake walizikwepa. Aliandikishwa rasmi kuwa solisita Desemba 1978. Alikuwa na miaka 38. Nawaambia hivyo wale wenzangu wa kidato cha nne wanaodhani kwamba ukifika miaka 25 hujaajiriwa basi treni imekwisha ondoka.

Huo mwaka 1974 ulikuwa mwaka mbaya kwa Uingereza. Wapiganaji wa IRA, waliotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Waingereza, walikuwa wameihamishia vita mijini England kwenyewe. Tarehe 5 Oktoba waliziripua baa mbili katika mji wa Guildford, baa zilizopendwa na askari vijana. Watu 5 wakafa. Tarehe 7 Novemba wakairipua nyingine Woolwich, wakafa 2. Tarehe 21 Novemba ikawa zamu ya Birmingham, baa mbili zilizojaa vijana wa rika lenu waliotoka kunywa bia yao. Wakafa watu 21, wakajeruhiwa zaidi ya 180.

Naomba tusilipite hapa harakaharaka. Wale waliokufa hawakuwa na kosa lolote. Hasira ya Waingereza ilikuwa ya haki kabisa. Ungekuwa ni mdogo wako aliyeokotwa vipande pale Birmingham, hata wewe ungetaka mtu akamatwe, akamatwe leo, na usingeuliza sana ni nani.

Na hapo ndipo penye hatari. Taifa likishikwa na hasira, polisi wanadaiwa mtu. Hawadaiwi ukweli, wanadaiwa mtu, na wanadaiwa kabla gazeti la kesho halijachapwa. Siku nane tu baada ya Birmingham, Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha pitisha sheria mpya ya kuzuia ugaidi. Iliharakishwa kiasi kwamba waheshimiwa waliijadili usiku kucha. Sheria hiyo ilimruhusu polisi kumshika mtu saa 48, na waziri akitia saini, siku 5 zaidi. Siku 7 jumla, na nje hakuna anayejua uko wapi.

Mtu anaweza kusema mambo mengi kwa siku 7.

Kwa mabomu ya Guildford walikamatwa Gerry Conlon, Paul Hill, Patrick Armstrong na binti wa Kiingereza wa miaka 17, Carole Richardson, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kumpenda Armstrong. Walikuwa watu wa kubangaiza, wakilala hosteli na kwenye majumba yaliyohamwa, wakivuta bangi na kuiba vitu vidogovidogo. Jeshi gani la siri lingewaajiri hao? Lakini wote wanne walisaini maelezo ya kukiri. Walisema baadaye kwamba walipigwa na kutishwa, na Conlon alieleza kwamba alitishiwa mama yake.

Hapakuwa na alama ya kidole. Hapakuwa na chembe ya baruti. Hapakuwa na shahidi aliyewaona. Kesi nzima ilikuwa ni zile karatasi zenye saini zao, na wote wanne walifungwa maisha Oktoba 1975. Jaji alisikitika hadharani kwamba hawakushtakiwa kwa uhaini, maana uhaini wakati huo ulikuwa bado una kitanzi. Elewa maana yake, ndugu msomaji. Kama angepata alichotaka, mwaka 1989 wangefukuliwa mifupa.

Yule binti alikuwa na ushahidi kwamba jioni ile alikuwa kwenye muziki London. Palikuwa na picha amepiga na bendi. Polisi walifanyaje? Walichukua gari wakaliendesha kwa kasi kutoka Guildford hadi London wakapima saa, ili kuonyesha kwamba mtu angeweza kutega bomu na bado akawahi dansi. Na kijana aliyejitokeza kusema alikuwa naye alikamatwa na yeye, akabanwa hadi akabadili maneno yake.

Ya Birmingham yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu pale palikuwa na kitu kilichoitwa sayansi. Wanaume watano wenye asili ya Ireland ya Kaskazini walikamatwa Heysham, kwenye bandari, wakiwa safarini kwenda mazikoni kwao. Wa sita alikamatwa Birmingham. Mikono yao ilipimwa kwa dawa, na mtaalamu wa serikali akasema ana uhakika kwa asilimia 99 kwamba baadhi yao wameshika baruti. Wanne kati ya sita wakasaini kukiri. Wote wakapewa kifungo cha maisha Agosti 1975.

Unajua walikuwa wanafanya nini ndani ya treni? Walikuwa wanacheza karata. Miaka ilipita kabla wataalamu wengine hawajaonyesha kwamba kipimo kile kilikuwa kinaweza kugeuka rangi kwa vitu vya kawaida kabisa, na kimojawapo ni ule ung'aavu unaopakwa kwenye karata. Sisi tunaocheza last card chini ya mwembe mchana kutwa tungefungwa wote.

Wale sita walipofungua madai dhidi ya polisi kwa kupigwa, jaji mkubwa wa rufani, Lord Denning, aliwazuia mwaka 1980. Hoja yake sitaisahau. Alisema kwamba wakishinda itamaanisha polisi walitumia nguvu na vitisho na kusema uongo mahakamani, na jambo hilo ni la kutisha mno, kwa hiyo kesi isiendelee. Hakusema wamedanganya. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba kama wanasema kweli basi ni afadhali tusijue.

Sasa turudi kwa mama yetu.

Kabla hajafika Guildford na Birmingham alipitia kesi moja iliyomfundisha karatasi ya polisi inavyotengenezwa. Mwaka 1984 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa kwenye mgomo. Tarehe 18 Juni maelfu yao walikutana na maelfu ya polisi mahali panapoitwa Orgreave, na polisi wa farasi wakawaingilia kwa virungu. Wachimbaji 95 wakashtakiwa, wengi wao kwa kosa la ghasia kubwa ambalo adhabu yake ilifika kifungo cha maisha. Peirce alikuwa miongoni mwa masolisita wa wachimbaji hao. Mawakili walipoyaweka maelezo ya askari pamoja, askari wa vituo tofauti ambao eti kila mmoja aliandika alichokiona kwa macho yake, walikuta sentensi zilezile, neno kwa neno. Yalikuwa imla! Kuna aliyekaa akawasomea na wao wakaandika, kama darasa la tatu. Kesi ikasambaratika mwezi Julai 1985 baada ya siku 48 mahakamani, na mwaka 1991 polisi wa jimbo lile wakawalipa wachimbaji 39 paundi 425,000 bila kukiri kosa.

Hilo ndilo somo alilokwenda nalo kwenye jalada la Conlon. Usiulize tu karatasi inasema nini. Uliza iliandikwa lini, na nani, na ipi ilitangulia ipi.

Nisimpe sifa zote peke yake, maana hilo nalo ni tatizo la sinema. Solisita mwingine, Alastair Logan, alikuwa ameshikilia kesi ya Guildford tangu mwanzo, miaka yote wakati dunia imeisahau. Walikuwepo mapadri, wabunge, na ndugu wa wafungwa waliozunguka na mabango kwenye mvua ya London. Alikuwepo mwandishi mwenzetu Chris Mullin, aliyefuatilia habari za Birmingham hadi akazungumza na watu waliohusika kweli, akaandika kitabu mwaka 1986. Mwaka 2022 polisi walimpeleka mahakamani wakitaka awape daftari zake na majina, akakataa, na jaji akamkubalia. Nimelitaja hili kwa makusudi, wenye magazeti wanajua kwa nini.

Lakini kwenye makaratasi ndiko mambo yalikoiva. Katika majalada ya Guildford ilionekana kwamba mtu mmoja aliyekaa hosteli moja na Conlon pale Kilburn alikuwa amewaeleza polisi habari zilizomuunga mkono Conlon kuhusu usiku ule. Maelezo hayo yalikuwepo miaka yote, na upande wa utetezi haukupewa. Kisha wapelelezi wa mkoa mwingine, waliotumwa kupitia upya kazi ya wenzao wa Surrey, wakafumania kitu. Palikuwa na mahojiano ya Armstrong yaliyopigwa kwa taipureta, yakiwa yamejaa masahihisho ya mkono, neno limefutwa hapa, sentensi imehamishwa kule. Na palikuwa na yale ya kuandikwa kwa mkono, ambayo polisi waliapa kwamba waliyaandika palepale mtuhumiwa akizungumza. Na yale ya mkono yalifuata masahihisho yale! Yaani kwanza ilitungwa hadithi, ikahaririwa, ndipo ikanakiliwa kama maneno ya mtuhumiwa. Jaji Mkuu mwenyewe alisema mahakamani kwamba askari wale lazima walidanganya. Wale wanne wakatoka. Conlon alitokea mlango wa mbele, kwenye umati. Baba yake, Giuseppe, naye alifungwa kwa kesi iliyozaliwa na maelezo yaleyale, pamoja na mtoto wa miaka 14. Alikuwa amekwisha fia kifungoni Januari 1980.

Kwa Birmingham, Peirce alikuwa solisita wa baadhi ya wale sita. Rufaa ya Januari 1988 ilitupwa. Wengine wangekata tamaa. Safari iliyofuata daftari za polisi zilipelekwa kwenye mashine iitwayo Esda. Kanuni yake mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Shuleni ukiandika kwa kukandamiza kalamu, ukifunua ukurasa wa chini utakuta makovu ya maneno, na ukipitisha penseli juu yake utayasoma. Mashine ile inafanya hivyohivyo kwa kutumia umeme. Ikaonyesha kwamba mahojiano yaliyodaiwa kuandikwa kwa mfululizo mmoja hayakuandikwa hivyo. Karatasi yenyewe ikatoa ushahidi dhidi ya mwandishi wake. Tarehe 14 Machi 1991 wakatoka, baada ya miaka 16.

Siku hiyohiyo serikali ikatangaza tume ya kuchunguza mfumo mzima wa kesi za jinai, na matokeo yake ni chombo maalumu kilichoanza kazi mwaka 1997 cha kupitia kesi za watu wanaolalamika kwamba wamefungwa kimakosa. Kabla ya hapo, mwaka 1984, ilikwisha pitishwa sheria inayompa mtuhumiwa haki ya kuwa na solisita kituoni, na kinasa sauti kikaingia kwenye chumba cha mahojiano. Leo Uingereza ukikamatwa na huna senti, solisita wa kituoni analipwa na serikali. Si huruma hiyo. Wamejifunza kwa aibu.

Na sisi? Sheria zetu nyingi za jinai na ushahidi tumerithi kwa Waingereza, na baadhi tumezikarabati kwa namna yetu. Sheria ya Ushahidi ya 1967 inayakubali maelezo ya kukiri mbele ya polisi ili mradi yametolewa kwa hiari. Hilo neno "hiari" ndilo linalobeba kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa aliye chini ya ulinzi nafasi ya kuwasiliana na mwanasheria, ndugu au rafiki. Wangapi kati yenu mlilijua hilo? Kijana mmoja wa mtaani kwetu alisaini maelezo ya kurasa tatu ambayo hakuyasoma, kwa sababu aliambiwa akisaini atakwenda kulala nyumbani. Hakulala nyumbani. Alilala rumande miezi saba, na aliporudi mama yake alikuwa ameuza cherehani.

Kuna swali ambalo najua mnalo mdomoni, maana huulizwa kila ninapoanza habari hizi kijiweni. Huyu mama anamtetea mtu asiye na hatia, sawa. Je, wenye hatia? Maana Peirce hakuishia kwa Waireland. Baada ya Septemba 2001 Uingereza ilipata adui mpya, na mlango wake ukawa unagongwa na Waislamu. Alikuwa solisita wa Moazzam Begg na wa vijana wa Tipton waliofungiwa kambi ya Guantanamo. Alikuwa pia solisita wa wageni waliowekwa gereza la Belmarsh tangu Desemba 2001 bila kushtakiwa kwa kosa lolote, kwa ushahidi wa siri ambao wao wala yeye hawakuruhusiwa kuuona. Serikali iliwawekea mwanasheria maalumu wa kuusoma ushahidi ule, lakini akishausoma haruhusiwi tena kuzungumza na mshtakiwa. Umewahi kusikia mganga anayekatazwa kuongea na mgonjwa?

Baadhi ya hao aliowatetea walikuwa na maneno ya kuchukiza. Mimi binafsi wapo ambao nisingekaa nao meza moja. Magazeti ya Uingereza yalimshambulia kwa hilo. Lakini angalia hapa, ndugu yangu. Mwaka 1974 wale sita wa Birmingham nao walikuwa watu wa kuchukiza. Walipofikishwa gerezani askari jela waliwapiga hadi nyuso zikavimba kwenye picha za mahakamani, na watu wengi waliona sawa tu. Mtu hawezi kujua yupi ana hatia na yupi hana kwa kupima kiasi anavyochukiwa mitaani. Ikiwa wakili atawatetea wanaopendwa tu, basi ni nani atakayesoma karatasi za huyu? Tarehe 16 Desemba 2004 majaji wa Baraza la Malodi, waliokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya Uingereza, walisema kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba kuwafungia wageni wale bila kesi kulivunja haki za binadamu.

Mengine nayapitia kwa haraka. Alikuwa solisita wa familia ya Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil ambaye polisi wa London walimmiminia risasi kichwani ndani ya treni tarehe 22 Julai 2005 wakidhani ni gaidi. Alikuwa miongoni mwa wanasheria wa Julian Assange, aliyetoka Belmarsh Juni 2024, kisha akakiri kosa moja mbele ya mahakama ya Marekani. Mwaka 1999 jina lake lilitokea kwenye orodha ya nishani za Malkia. Akaandika barua ofisi ya Waziri Mkuu kuomba liondolewe, na akaomba radhi kwa usumbufu. Kwa waheshimiwa wetu wanaopigana vikumbo kwa ajili ya nishani, barua ya namna hiyo ingehitaji mkalimani.

Mahojiano na waandishi huyakwepa. Ndiyo maana hata mimi niliyekuja kuwaeleza habari zake nimeeleza zaidi habari za kesi zake. Nadhani ndivyo angependa mwenyewe.

Mmoja aliniuliza pale mwisho: na wale polisi? Watatu wa Surrey walishtakiwa kwa ajili ya yale mahojiano ya Armstrong, wakaachiwa huru mwaka 1993. Mwaka huohuo kesi ya watatu wa Birmingham ilisimamishwa na jaji kabla haijasikilizwa, kwa maelezo kwamba habari zao zimeandikwa mno magazetini hata hawawezi kutendewa haki. Tony Blair aliziomba radhi familia za Guildford mwaka 2005. Mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama Birmingham lilisema rasmi kwamba wale 21 waliuawa isivyo halali na IRA. Ndugu zao bado wanasubiri. Polisi walipokuwa wakinakili hadithi yao, waliotega bomu walikuwa wanakwenda zao, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa vifo vile.